Lupasi: Kinga ya mwili inapokosa breki

"DAKTARI, mlituambia huyu mtoto hana malaria. Mbona basi mnampa dawa ya malaria?"

Swali hili niliulizwa na mama mmoja aliyefika katika kliniki yangu hapa Nairobi akiandamana na binti yake wa miaka 24. Mkononi alishika pakiti ya tembe ambazo binti huyo alikuwa ameandikiwa na mtaalamu katika hospitali ya rufaa. Muuzaji wa duka la dawa mtaani kwao alizitazama akawaambia kuwa hizo ni dawa za malaria. Kwa kuwa binti hakuwa na malaria, walionelea kwamba hospitali imekosea, wakaziweka kabatini. Wiki sita zilikuwa zimepita, na sasa miguu ya binti huyo ilikuwa imevimba hata viatu havimwingii.

Muuzaji yule hakusema uongo, kwani tembe hizo kweli ni za ukoo wa dawa za malaria. Hospitali nayo haikukosea. Ili msomaji aelewe jinsi wote wawili walivyokuwa na haki, sharti nieleze habari za ugonjwa uitwao lupasi, na za chembe moja ya urithi ambayo imewashughulisha wataalamu kwa miaka mingi, wakiwemo wanaofanya kazi papa hapa Kenya.

Miezi 14 ya 'malaria'

Binti huyu ni karani katika ofisi moja mjini. Ugonjwa ulianza kwa maumivu ya vidole na magoti, hasa asubuhi anapoamka. Baadaye akaanza kupata homa za jioni, uchovu usioisha, vidonda vya mdomoni na nywele kukatika kila anapochana. Kila alipotafuta matibabu aliambiwa ana malaria au homa ya matumbo. Kwa hesabu ya mama yake, katika miezi 14 alimeza dawa za malaria mara tano na za homa ya matumbo mara tatu. Nyumbani watu walianza kunong'ona kuwa ni Ukimwi, ingawa alikuwa amepimwa mara mbili na kupatikana hana virusi.

Sina budi kukiri kwamba moja kati ya hizo mara tano ni mimi niliyeandika dawa. Ilikuwa Jumamosi jioni, wagonjwa walikuwa wengi, nami nikaandika bila kuchukua hata tone la damu. Aliporudi mwezi uliofuata nikaona madoa yaliyotanda kwenye mashavu yote mawili na juu ya pua. Nilipochovya kijiti cha kupimia katika mkojo wake, kilionyesha protini nyingi. Hiyo ilikuwa dalili kwamba figo zimeanza kuguswa. Kijiti hicho ni cha bei nafuu sana, na ningeweza kukitumia tangu siku ya kwanza.

Mama huyo naye alikuwa na sababu ya kukimbilia dawa za malaria. Mwaka wa 1998 alimzika kifungua mimba wake, mvulana wa miaka mitatu, kijijini kwao Siaya. "Malaria naijua, daktari," aliniambia. "Ilimchukua mtoto wangu kwa siku mbili. Nikisikia homa siwezi kungoja."

Lupasi ni nini?

Kwa kawaida, chembe nyeupe za damu hupigana na viini vya maradhi vinavyoingia mwilini. Kundi moja la chembe hizo, liitwalo chembe B, ndilo lenye kazi ya kutengeneza kingamwili. Hizi ni protini ambazo hung'ang'ania kiini kilichoingia ili chembe nyingine zipate kukitambua na kukimeza.

Katika lupasi askari hawa huwageukia wenye nyumba. Mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya sehemu zake wenyewe, hata dhidi ya vitu vilivyomo katika kiini cha kila chembe ya mwili. Kingamwili hizo hujikusanya pamoja na vitu zilivyoving'ang'ania, kisha hukwama katika viungo, ngozi, figo, utando wa mapafu na moyo, na wakati mwingine huathiri ubongo. Popote zinapokwama huzusha uvimbe na maumivu.

Ugonjwa huu hauambukizwi kwa njia yoyote. Hupata zaidi wanawake, hasa walio katika umri wa kuzaa, ambapo kwa kila wagonjwa kumi karibu tisa ni wanawake. Nchini Marekani, wanawake wenye asili ya Afrika huupata mara mbili hadi tatu zaidi kuliko wenzao weupe. Hapa kwetu kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa lupasi haipo au ni nadra mno. Siku hizi madaktari wengi wanakubali kwamba sehemu ya unadra huo ilitokana na sisi kutoitafuta.

Breki ya chembe B

Chembe B ikishakutana na adui, hupokea ishara ya kuanza kazi. Ishara hiyo hupita kutoka juu ya ngozi ya chembe hadi ndani, mithili ya amri inayopitishwa kutoka kwa mkubwa hadi kwa askari wa mwisho. Lakini kazi yoyote inayoanza lazima iwe na namna ya kukoma. Matatu isiyo na breki huenda ikafika mwendo mzuri, lakini abiria wake hawatafika salama.

Mojawapo ya breki za chembe B hutengenezwa kwa maagizo ya chembe ya urithi, yaani jeni, inayojulikana kwa herufi FCGR2B. Jeni hii iko katika kromosomu ya kwanza, na kila mmoja wetu ana nakala mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Protini inayotokana nayo ni kipokezi kilichopenya ngozi ya chembe. Kichwa chake kiko nje na mkia wake uko ndani.

Kichwa hicho hushika kingamwili za aina ya G ambazo tayari zimeng'ang'ania adui. Chembe B inapomgusa adui ambaye amekwisha kufunikwa na kingamwili, kipokezi hiki huvutwa karibu na mahali ishara ya kuanza kazi inapotokea. Hapo mkia wake huita kimeng'enya ambacho huikata ishara hiyo. Ni kama kusema: "Kingamwili zilizopo zinatosha, acheni kutengeneza nyingine." Kipokezi hicho hicho kinapatikana pia kwenye chembe zinazomeza viini, nako hupunguza makali yao.

Katika mwaka wa 1996 watafiti walieleza juu ya panya waliofanywa kukosa jeni hii. Panya hao walitengeneza kingamwili kupita kiasi. Mwaka wa 2000 Silvia Bolland na Jeffrey Ravetch wakaonyesha kwamba panya wa ukoo fulani, wakinyimwa breki hii, hupata wenyewe ugonjwa unaofanana na lupasi na figo zao huharibika.

Kwa binadamu, mwaka wa 2002 wataalamu wa Japani walitangaza kuwa aina moja ya jeni hii huonekana zaidi kwa wagonjwa wa lupasi. Tofauti yenyewe ni ndogo mno. Protini hutungwa kwa vipande vidogo vilivyofuatana kama shanga katika uzi, na hapa ni shanga ya 232 pekee iliyobadilishwa. Lakini shanga hiyo iko katika ile sehemu inayopenya ngozi ya chembe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2005 ulionyesha kuwa kipokezi chenye mabadiliko hayo hushindwa kuingia katika sehemu za ngozi ambako ishara hupitia. Breki ipo, ila hailigusi gurudumu.

Mkosi huu ulitoka wapi?

Hapa ndipo habari yenyewe inapotuhusu sisi. Aina hii ya jeni ni nadra miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, lakini hupatikana zaidi Afrika na kusini mashariki mwa Asia. Maeneo hayo yamejulikana kwa malaria tangu zamani. Wataalamu wakajiuliza kama hilo limetokea kwa bahati tu.

Mwaka wa 2007 kundi la watafiti lilionyesha kwamba panya wasio na breki hii huweza kuviondoa vimelea vya malaria ya panya kwa urahisi zaidi. Aidha, chembe za binadamu mwenye jeni iliyobadilika zilimeza kwa wingi zaidi chembe nyekundu zilizoambukizwa malaria.

Kisha mwaka wa 2010 matokeo ya uchunguzi wa watoto wa Kenya yalichapishwa, kazi iliyowashirikisha wanasayansi wa kituo cha utafiti cha Kilifi na wale wa Cambridge, Uingereza. Ilibainika kuwa watoto waliorithi nakala mbili za jeni iliyobadilika walikuwa na uwezekano wa kupata malaria kali uliopungua kwa karibu nusu. Katika ripoti hiyo hiyo, watu wa asili ya Ulaya na Asia wenye nakala mbili kama hizo walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata lupasi.

Maana yake ni kwamba kinga yenye breki hafifu huenda ilimsaidia mtoto kuuvuka utoto mahali penye mbu wengi. Mtoto huyo akakua, akazaa, akaipitisha jeni kwa wanawe. Gharama ililipwa na wachache, wengi wao wanawake, ambao kinga yao ilikuja kuwageuka ukubwani.

Wasomaji wengi wanaujua mfano mwingine wa namna hii, nao ni selimundu. Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia hapa Kenya, ndiye aliyeonyesha mwaka wa 1954 kuwa mtu mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu hujikinga kwa kiasi fulani na malaria, ilhali mwenye nakala mbili hupata ugonjwa wenyewe.

Hata uhusiano wa malaria na lupasi haukugunduliwa jana. Mwaka wa 1968 Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Nigeria, aliandika kwamba maradhi ya kinga kuushambulia mwili yalionekana kuwa machache huko, akafikiria kuwa huenda wadudu wa magonjwa kama malaria wana sehemu katika jambo hilo. Baadaye, mwaka wa 1970, yeye na wenzake walionyesha kuwa panya wa ukoo unaopata lupasi walipungukiwa na ugonjwa huo walipoambukizwa malaria ya panya.

Mbona dawa ya malaria?

Sasa turudi kwenye tembe za yule mama. Jina lake ni haidroksiklorokwini. Ni ndugu ya klorokwini, ile dawa chungu tuliyomeza utotoni sisi wa miaka ya themanini na kisha kujikuna usiku kucha. Kenya iliacha kuitegemea klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka wa 1998, kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea.

Kumbe dawa za ukoo huu zilikuwa na kazi nyingine. Mwaka wa 1951 daktari mmoja wa Uingereza aitwaye Francis Page alieleza jinsi wagonjwa wa lupasi walivyopata nafuu kwa mepakrini, dawa iliyotumiwa na wanajeshi kujikinga na malaria katika Vita Vikuu vya Pili. Haidroksiklorokwini ilikubaliwa kutumika Marekani mwaka wa 1955, na hadi leo ndiyo nguzo ya matibabu ya lupasi duniani kote.

Katika lupasi dawa hii haiui kimelea chochote. Hujikusanya ndani ya chembe za kinga na kupunguza nguvu ya baadhi ya ishara zinazoziamsha. Haitengenezi breki iliyoharibika, bali hupunguza mafuta katika injini. Kwa hiyo haifanyi kazi kwa siku tatu kama dawa ya malaria. Huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, kabla ya nafuu kuonekana, na wengi huhitaji kuitumia kwa miaka. Mgonjwa akiiacha, ugonjwa unaweza kuibuka tena, kama ulivyoibuka kwa binti huyu.

Nilipomweleza mama haya yote alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo nadhani ndilo lililomsumbua tangu mwanzo: "Kwa hivyo ni mimi niliyempa?"

Si kosa la mzazi

Nilimjibu, na ningependa kila mzazi asikie, kwamba hakuna jeni moja inayoleta lupasi peke yake. Jeni nyingi huhusika, kila moja ikichangia kidogo. Homoni za kike, mwanga wa jua na baadhi ya maambukizi pia huchangia. Hata pacha wanaofanana kabisa, ambao jeni zao ni zile zile, mara nyingi mmoja huugua na mwenzake asiugue. Watu wengi wenye ile breki hafifu huishi maisha yao yote bila kujua, kwani hawaugui lupasi.

Mama aliuliza pia kama dada yake mdogo apimwe jeni hiyo. Nilimwambia asipoteze pesa. Kipimo hicho ni cha watafiti, na jibu lake halingebadilisha matibabu ya mtu yeyote nyumbani kwake. Lililo muhimu ni huyo dada kuzijua dalili, na kufika hospitalini mapema akiziona.

Pia sikumficha kwamba sijui kama binti yake anayo jeni hiyo. Nilichoweza kumwambia ni kuwa kinga kali kama ya binti huyu haikuja kama laana. Katika nchi za mbu, huenda iliwaokoa watoto wengi kabla yetu. Mama aliitikia kwa kichwa. Sikuhitaji kumkumbusha ni mtoto yupi aliyekuwa akimfikiria.

Siku hiyo hiyo nilimpigia simu mtaalamu wake, na binti akalazwa. Alirudishiwa tembe zake pamoja na dawa nyingine za kutuliza figo. Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa amerudi kazini, na protini katika mkojo ilikuwa imepungua ingawa haijaisha. Bado ana safari ndefu.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, homa si lazima iwe malaria. Dai kipimo cha damu kabla ya kumeza dawa. Ukitibiwa malaria au homa ya matumbo mara mbili au tatu bila kupona, mwambie daktari atafute chanzo kingine.

Pili, muone daktari ukiwa na maumivu ya viungo yanayodumu wiki kadhaa pamoja na homa, vidonda vya mdomoni, nywele kukatika, maumivu ya kifua unapovuta pumzi, au madoa usoni yanayozidi ukipigwa na jua. Kwa ngozi nyeusi madoa hayo huenda yasiwe mekundu kama yanavyoonyeshwa vitabuni. Huweza kuwa meusi au ya rangi ya zambarau, na ni rahisi kuyadhania kuwa madhara ya vipodozi.

Tatu, omba mkojo upimwe. Lupasi inaweza kushambulia figo bila maumivu yoyote. Mkojo wenye povu jingi, kuvimba miguu au uso, na shinikizo la damu kwa msichana ni mambo yasiyofaa kupuuzwa.

Nne, kipimo cha damu cha lupasi peke yake hakitoshi. Watu wengine wenye afya njema, na hata wenye maambukizi kama malaria, huweza kuonekana wanazo kingamwili hizo. Mtaalamu huangalia dalili na vipimo vyote kwa pamoja.

Tano, ukiandikiwa haidroksiklorokwini usiiache kwa ushauri wa jirani au wa dukani. Macho yapimwe mapema unapoanza na kisha kila baada ya muda utakaoelezwa na daktari, kwa sababu dawa hii ikitumiwa miaka mingi inaweza kudhuru sehemu ya nyuma ya jicho. Mwenye mimba au anayetarajia kupata mimba amweleze daktari wake, lakini asiache dawa mwenyewe, kwani kwa kawaida huendelea kutumiwa hata wakati wa ujauzito. Dawa za steroidi nazo kamwe zisikatizwe ghafla.

Sita, jikinge na jua kwa mwavuli, kofia pana na nguo za mikono mirefu.

Mwisho, mwenye lupasi anayeishi Kenya bado anaweza kuumwa na mbu. Akipata homa asidhani mara moja kuwa ni lupasi imeamka, wala asijifariji kwamba tembe anazomeza zitamkinga na malaria. Na apimwe siku hiyo hiyo, kama mtu mwingine yeyote.